Redio Imezimwa Mpaka Mvua Ziishe

Jumatatu, 3 Machi

Natangaza rasmi, mbele ya kioo kikubwa, kioo kidogo na kalenda ya mwaka juzi, kwamba kuanzia asubuhi ya leo redio ya saluni hii imezimwa. Haijaharibika. Imezimwa kwa hiari, na aliyeizima ni mimi mwenyewe. Wateja watakaouliza matokeo ya mpira watajibiwa kwa upole kwamba kinyozi anamsikiliza Mungu.

Chanzo ni mchungaji. Jana alisimama mbele akatuambia kwamba sisi ni watu wa kusema mno, tunaomba kama mtu anayepiga simu na kukata kabla wa upande wa pili hajasema halo. Msimu huu wote wa mvua, akasema, kila muumini atenge muda wa kunyamaza asubuhi, amletee Mungu swali moja tu, kisha asubiri. Na ili tusijidanganye, Jumapili ijayo kila mmoja atapangiwa mwenzake wa kumsimulia anachodhani amekisikia. Huyo mwenza haruhusiwi kushauri. Anaruhusiwa kuuliza tu.

Swali langu ninalo tayari. Mke wangu ni mkunga. Wamemwita akaongoze wodi ya wazazi kwenye zahanati mpya, mbali, kule barabara inakoishia, na uamuzi unatakiwa kabla mvua hazijaisha. Akienda naenda naye. Hatukuoana ili tupungiane mikono. Na nikienda, saluni hii niliyoijenga kichwa baada ya kichwa inafungwa. Basi swali ni hili: twende au tubaki? Mimi sina upande. Nataka tu Mungu aseme tubaki.

Nilipokuwa nimeinamia redio, mke wangu alipita akielekea kazini, akasimama mlangoni na mwavuli, akasema ana jambo la kuniambia. Nikamwambia asubiri kidogo, natafuta ukimya. Akanitazama, akatazama redio, akaenda zake.

Jumanne, 4 Machi

Nimenyamaza. Nimesikia bomba la jirani.

Jumatano, 5 Machi

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara amevuka kuja kuulizia redio. Miaka yote amekuwa akisikiliza mpira kwa redio yangu na kukwepa jua kwa kivuli changu.

"Imekufa?"

"Inapumzika. Namsikiliza Mungu."

"Na Yeye hawezi kungoja dakika tisini?"

Nikamwambia aende na viatu vyake. Akaenda, ila aliporudi kwenye benchi lake alitupigia kelele yeye mwenyewe, akitangaza mechi ya kubuni tangu mwanzo hadi penalti. Nimemwona Shetani, na ana gundi mikononi.

Jumapili, 9 Machi

Vikaratasi vilitiwa kwenye kapu la sadaka, tukachota. Niliomba kimoyomoyo nipewe mtu mpole, ikiwezekana mwenye usingizi.

Nimepata mama mkwe wangu.

Mtu mmoja safu ya nyuma akacheka kwa kikohozi. Ieleweke kwamba mimi na mama mkwe tunaishi kwa heshima kubwa, na heshima yetu imejengwa juu ya umbali. Tunasalimiana, tunaulizana mvua, tunaagana. Ni mwanamke wa maneno machache, na hata hayo huyatoa kama anayetoa wageni nje.

Lakini njiani nikaanza kufurahi. Mke wangu ndiye binti yake pekee. Mama gani anataka binti yake pekee aende barabara inakoishia? Nimetafuta mwenza, nikapewa wakili! Mungu huyu hafanyi mambo madogo.

Jumatano, 12 Machi

NIMESIKIA!

Nimeandika kwa herufi kubwa na sioni haya. Leo alfajiri mvua ya kwanza ya maana ilikuwa inapiga bati, nikanyamaza mpaka nikasikia masikio yenyewe yakivuma, na ndani ya mvumo ule likaja neno, wazi kama mtu amesimama kando yangu: Bakini. Nilirukaruka jikoni na ufagio. Mke wangu akaniuliza kama ni panya. Nikamwambia atajua kwa wakati wake. Akasema sawa, mwenzangu, na akaendelea kufunga viatu.

Siku nzima nimekuwa nikinyoa huku natabasamu. Mteja mmoja aliomba nimalizie mwingine kwanza mpaka nitulie.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeripoti kwa mama mkwe. Sebule yake ina saa ya ukutani yenye sauti kubwa na vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu kisichotembea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Si hicho, kina mguu mbovu."

Nikakaa kwenye kizima, nikamweleza habari ya zahanati kana kwamba haijui, kisha nikamwaga furaha yangu yote.

"Sauti imesema tubaki, mama. Waziwazi."

"Ilisema hilo tu?"

"Ikaongeza kwamba wateja wangu wananihitaji."

"Iliwataja?"

"Haikuwataja mmoja mmoja, ila ilikuwa inaeleweka."

"Na kiti?"

"Kiti gani, mama?"

"Kile chako cha kunyolea. Ilikigusia?"

Hapo nilisita. Kweli ilikuwa imesema jambo juu ya kiti. Nilikinunua kwa daktari wa meno aliyekuwa anafunga kliniki yake. Kinapanda, kinashuka, kinalala. Sauti ilikuwa imekumbusha kwamba kiti kile hakitapita kwenye mlango wa basi.

"Ilikigusia kidogo," nikasema.

Mama mkwe akatazama saa, akanitazama mimi.

"Mkwe wangu, sauti hiyo inaongea kama nani?"

"Inaongea vizuri, mama."

"Utakunywa chai?"

Kumbe hata chai alinipa kwa swali. Nimerudi nyumbani nikimwona mwanamke mgumu kabisa. Wakili gani anamhoji mteja wake?

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Vichwa viwili tu, na kimoja kilikuwa na upara.

Jumanne, 25 Machi

Upepo wa jana umeangusha kibao cha saluni. Nimekikuta asubuhi kifudifudi kwenye tope, jina la biashara chini, mguu wa kuku umepita juu yake. Moyo ukanilipuka. Ishara! Je, Mungu anasema nishuke kama kilivyoshuka kibao, niondoke? Au anasema kibao kimekataa kwenda mbali, kimelala papa hapa? Nilisimama kwenye mvua nikikizunguka.

Fundi viatu alikuwa ananitazama kutoka kwenye benchi lake.

"Jirani, umesikia nini?"

"Ndio natafakari. Nadhani Mungu ananiambia kitu."

"Anakuambia ununue misumari."

Nimenunua misumari.

Jumatano, 2 Aprili

Jambo zito limetokea mezani jana jioni. Nilikuwa nimemaliza sahani yangu, na sufuria bado ilikuwa na chakula. Kwa utani nikanyamaza kidogo nikauliza moyoni: niongeze? Papo hapo, bila kuchelewa, sauti ikajibu: Ongeza. Ilikuwa ni ile ile! Lafudhi ile ile, haraka ile ile, upole ule ule wa kunikubalia. Na ikaongeza kwamba nimefanya kazi sana.

Niliongeza, lakini sikusikia utamu.

Asubuhi ya leo nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe mbele ya kioo, nikajitazama. Huyu bwana mbele yangu ndiye aliyesema bakini. Amekuwa akiongea tangu alipozaliwa, ana redio kichwani ambayo haina mahali pa kutolea betri.

Nilidhani nitahuzunika. Badala yake nimesisimka kama mtoto aliyegundua nyumba yao ina chumba kingine. Maana kama ile ilikuwa sauti yangu, basi ile nyingine bado sijaisikia. Bado ipo. Bado inakuja!

Jumanne, 8 Aprili

Kuna jambo linatokea saluni na mimi sikulipanga. Bila redio, watu wanaanza kusema. Si soga, kusema. Leo dereva wa lori, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye kwa miaka yote tumezungumza mpira tu, alikaa kimya mpaka nilipofika kisogoni. Kisha, akitazama miguu yake, akasema siku hizi mvua ikinyesha mikono yake inatetemeka kwenye usukani, tangu alipomkuta mwenzake amepinduka darajani, na nyumbani hajamwambia mtu.

Mimi wa zamani ningekuwa na jibu, na hadithi ya binamu yangu juu yake. Leo nimenyoa tu. Nilipunguza mwendo, nikazunguka sikio taratibu kuliko inavyohitajika. Akamaliza kusema, akapumua, akainuka, akatazama kioo.

"Asante kwa ushauri," akasema.

Sikuwa nimefungua mdomo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mchungaji amekuja kunyolewa. Watu wakimwona barabarani wanadhani anaongea na mbingu kila baada ya kona. Nikamwuliza, mashine ikiwa mbali na sikio lake, yeye anasikiaje.

"Mara chache," akasema.

"Mara chache, mchungaji?"

"Usiwaambie. Nasoma Neno, nanyamaza, na siku nyingi sisikii kitu, nakwenda kuwatembelea wagonjwa. Ila nikisikia, nimeona mambo mawili. Haikinzani na lile nililosoma. Na haijawahi hata siku moja kunisifia."

Ya kwangu ilikuwa imesifia mpaka kiti.

"Sasa nitaijuaje?" nikauliza.

"Punguza hapa pembeni," akasema, na akafumba macho. Sijui kama lilikuwa jibu. Nimepunguza pembeni.

Jumapili, 13 Aprili

Baada ya ibada nilikaa na mama mkwe kwenye benchi la nje, chini ya paa la baraza ya kanisa, mvua ikitiririka mbele yetu kama pazia. Nikakiri kwamba ile sauti ya kwanza ilikuwa yangu.

"Ulijuaje?"

"Nilisikia inaniambia niongeze chakula."

Mdomo wake ulicheza pembeni. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuona mdomo ule ukicheza. Nikapata ujasiri, nikakumbuka kwamba hata mimi ni mwenza wake na nina haki ya kuuliza.

"Na wewe, mama, umesikia nini?"

Tone kubwa lilikuwa likining'inia kwenye ukingo wa bati. Tukalisubiri wote wawili mpaka likaanguka.

"Nimesikia kwamba binti yangu si wangu," akasema. "Nimelisikia mara nyingi. Nimekuwa nikijifanya ni mvua."

Nilikuwa nimemhesabu mama huyu kama wakili wangu, kisha kama hakimu. Leo nimeona kwamba tumekaa benchi moja, na yeye ana kikubwa zaidi cha kupoteza. Mimi napoteza kiti.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua zinapungua. Leo jua limechungulia mchana, fundi viatu akalipigia makofi. Mimi nilitamani lirudi ndani. Zikiisha kabla sijasikia, nitawajibu nini watu wa zahanati?

Jumanne, 22 Aprili

Kimya. Mke wangu anaimba akipiga pasi sare zake. Nimemtazama kwa mlango uliofunguka kidogo, kisha nikaenda kunyamaza upande wa pili wa nyumba.

Alhamisi, 24 Aprili

Ngoja nitulie niandike kwa mpangilio.

Asubuhi mvua ilirudi kwa kishindo, umeme ukakatika, mtaa ukawa mtupu. Nilikuwa nafuta vumbi lisilokuwepo. Mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe, akakunja mwavuli, akauweka pembeni kwa utaratibu.

"Una nafasi?"

"Ipo, mama. Karibu. Kuna nini?"

"Nywele," akasema, akavua kilemba, akakaa kwenye kiti.

Sijawahi kugusa kichwa cha mama mkwe wangu. Hata kikombe tunapeana kwa kukiweka mezani kwanza. Nikamfunga kitambaa shingoni kama ninayemvisha malkia, nikachukua mkasi na kitana kwa kuwa mashine haikuwa na umeme, nikaanza. Mvua ilikuwa juu ya bati, mkasi ulikuwa unalia chap, chap, na nywele zake za mvi zilikuwa zinaanguka laini, nyeupe, hazina uzito. Nilimaliza upande wa kulia. Nilikuwa siombi. Sikuwa nimefumba macho. Nilikuwa nawaza tu kwamba mke wangu ana kisogo kama hiki, na siku moja kitakuwa na mvi kama hizi.

Nilipofika nyuma ya sikio la kushoto, likaja.

Halikuwa ndiyo wala hapana. Lilikuwa swali. Umemwuliza yeye?

Halikuwa na lafudhi yangu. Nalijua kwa sababu mimi nisingeliuliza. Mimi ndiye niliyekuwa nalikwepa msimu mzima. Halikunisifia. Halikugusia kiti. Halikukasirika pia. Lilikuja mara moja, likakaa palepale likinisubiri, kama mtu aliyesimama mlangoni na mwavuli.

Mungu wangu. Tangu Machi nimemwuliza Mungu, nimemwuliza kibao, nimeiuliza sufuria. Mke wangu sikumwuliza.

"Mbona umesimama?" akauliza mama mkwe.

"Mama, unisamehe, narudi sasa hivi."

"Unakwenda wapi?"

Nilikuwa nimeshafika barabarani. Nilikimbia kwenye mvua kama mwizi, nikipiga madimbwi kwa miguu yote miwili, nikicheka. Fundi viatu alisimama akapaza sauti, "Nani anakufukuza?" Nikamjibu, "Simwoni!" Nikafika nyumbani, nikasukuma mlango. Mke wangu alikuwa na mapumziko leo. Alikuwa sakafuni anakunja nguo. Akaruka.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuuliza. Wewe unataka nini?"

"Nataka nini, wapi?"

"Zahanati. Kwenda. Kubaki. Wewe. Unataka nini?"

Aliweka chini shati alilokuwa analikunja. Akalikunja tena. Akaliweka chini tena.

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe."

"Nimeshawajibu ndiyo."

Maji yalikuwa yananitiririka puani. Nikauliza lini.

"Siku ile ulipozima redio. Nilisimama mlangoni nikakuambia nina jambo. Ukasema unatafuta ukimya."

"Nilisema nisubiri kidogo."

"Nikasubiri."

Akaniambia yote hapo hapo sakafuni. Kwamba ameliombea jambo hili tangu mwaka jana. Kwamba hapa wodini wakunga wanasukumana, na kule mwanamke akishikwa na uchungu anapakiwa kwenye pikipiki. Kwamba alisikia neno nenda siku moja akinawa mikono, akalirudisha, likarudi. Aliwajibu ndiyo kwa upande wake, akawaeleza kwamba mume wake ana neno lake pia, na akisema hapana kabla mvua hazijaisha, basi ni hapana.

"Na ungekubali hiyo hapana?"

"Ningekubali. Ningelia, lakini ningekubali."

"Kwa nini hukuniambia tena?"

"Nilitaka, kila siku. Mama akasema nikuache. Akasema mwanamume anayejaribu kunyamaza ni kitu adimu, asisumbuliwe."

"Mama anajua?"

"Alijua kabla wewe hujachota kile kikaratasi."

Yule mwanamke! Msimu wote amekaa na jibu chini ya kitambaa cha kufuma, akinimiminia chai na maswali!

Nikamwambia mke wangu: twende. Sikulazimika kulisukuma, lilitoka lenyewe. Akaweka mikono usoni, akalia, akacheka katikati ya kulia, akanishika kifua kilicholowa. Kisha akarudi nyuma.

"Huo mkasi wa nini?"

Nikautazama. Nilikuwa nimekimbia nao mtaa mzima.

"Namnyoa mama."

"Mama gani?"

"Mama yako."

"Yuko wapi?"

"Kwenye kiti."

"Umemwacha katikati?"

"Katikati na kidogo."

Nilirudi kwa kasi ile ile. Mama mkwe alikuwa ameketi vilevile, kitambaa shingoni, upande mmoja umekatwa na mwingine umesimama. Fundi viatu alikuwa mlangoni amemshikia kioo kidogo, uso umembadilika.

"Jirani, mchukue mteja wako," akasema. "Ameniuliza maswali mpaka nimemtaja ndugu yangu ambaye hatusemezani." Akavuka barabara bila kutangaza mechi yoyote.

Mama mkwe alinitazama kupitia kioo kikubwa.

"Amesemaje?"

"Amesema ndiyo, mama. Na mimi nimesema ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu, kichwa kile cha pande mbili.

"Basi malizia upande huu," akasema.

Nikamalizia. Nilipokuwa nashughulikia kisogo, aliinua ncha ya kitambaa akafuta macho, akasema vinywele vimemwingia. Nilikuwa nakata kwa nyuma. Nikamwambia ndiyo, mama, huwa vinaingia, na nikapunguza mwendo.

Jumapili, 4 Mei

Mchungaji ameomba ushuhuda. Watu wamesimama na ndoto, na miale, na dada mmoja na njiwa. Mimi nimesema, "Niliulizwa swali," nikakaa. Mama mkwe, safu ya mbele, kichwa safi kabisa, hakugeuka, lakini nimeona shavu lake likipanda.

Baada ya ibada nimempa fundi viatu redio. Ameipokea kwa mikono miwili, kisha akasema labda ataiwasha kesho, leo anakwenda kumtembelea ndugu yake.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua zimeisha. Mke wangu amerudi leo kutoka kuiona zahanati, uso umewaka, anaeleza kwa mikono yote miwili: wodi ina madirisha makubwa, wanawake wamempokea kwa vigelegele, nyumba ina ua, kanisa liko karibu. Na mimi hakunisahau! Amenitafutia chumba cha saluni mahali pazuri, njia panda, kila kichwa cha mji ule lazima kipite. Nimekwishafungasha mashine mbili za kunyolea na ya akiba, na nimepata lori la yule dereva litakalobeba kiti.

Chumba hakina umeme.